Uzi: Watoto walioimba kantri Marekani. Nani kati yao aliruhusiwa kukataa?

Mpiga Banjo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila Desemba redio zinapiga ule wimbo wa Krismasi wa Brenda Lee, "Rockin' Around the Christmas Tree", na wasikilizaji wengi hudhani anayeimba ni mama mtu mzima. Aliurekodi Nashville, makao makuu ya kantri, mwaka 1958, ana miaka 13. Desemba 2023 wimbo huohuo ukapanda hadi namba moja kwenye chati kuu ya Billboard, mwimbaji mwenyewe akiwa na miaka 78. Nimeleta uzi huu kwa sababu kantri ina wapenzi wengi huku kwetu, hasa ndugu zetu wa Kenya, lakini sijaona tukizungumzia ni kwa kiasi gani muziki ule umebebwa na sauti za watoto.

Kantri si muziki wa kitoto. Ni muziki wa talaka, pombe, madeni, mazishi, mume aliyeaga kwamba anarudi na asirudi. Mtoto anayeimba michezo na shule anaimba maisha yake. Mtoto wa kantri anapandishwa jukwaani kwa sababu koo lake linatoa uchungu ambao hajauonja, na ukumbi mzima unapigwa na butwaa. Butwaa hilo ndilo linalouza tiketi. Nimewafuatilia watoto hawa kwa muda mrefu. Kipaji walikuwa nacho, hilo halina mjadala, na kutajirika wengi walitajirika. Mimi nina swali moja tu: siku mtoto akisema "huu siimbi" au "leo sitaki", alikuwepo mtu mzima wa kumsikiliza?

Tuanze na Brenda. Jina lake la kuzaliwa ni Brenda Mae Tarpley, mzaliwa wa Georgia, 1944. Baba yake alifariki mwaka 1953, na binti alipofika miaka 10 ndiye aliyekuwa tegemeo kuu la nyumba, kwa kuimba kwenye redio za mitaani na hafla. Februari 1955 kituo cha redio cha Swainsboro kilimwita kwa malipo ya dola 30. Akakataa, kwa sababu wakati huohuo Red Foley, nyota wa kantri, alikuwa anatumbuiza Augusta, na yeye alitaka kumwona Foley. Kwa nyumba isiyo na baba, dola 30 za wakati ule ni unga na mafuta ya taa. Wakubwa wake wakamwacha aamue. Huko Augusta, Foley akashawishiwa ampe nafasi aimbe, watu wakakataa ashuke, na mwezi uliofuata alikuwa kwenye televisheni huko Springfield, Missouri. Mwaka 1956 akasaini na kampuni ya kurekodi muziki ya Decca.

Mtoto mwenyewe mdogo kweli. Hata alipokuwa mtu mzima urefu wake ulikuwa kama sentimita 145. Alipokwenda kuimba Paris mwaka 1959, ulienezwa uvumi kwamba si mtoto, ni mwanamke wa miaka 32 mwenye umbo dogo. Watu walikuwa tayari kuamini hilo kuliko kuamini kwamba sauti ile inatoka kwa msichana wa shule. Na shule alisoma kweli, Maplewood pale Nashville, na wenzake wa kawaida.

Nitaendelea. Karibuni.

Kijana wa Mbeya

Uzi mzuri mkuu. Usimsahau Tanya Tucker. Baba yangu alikuwa na kaseti yake, na sikujua mpaka juzi kwamba ule wimbo wa mwanamke anayemsubiri mchumba aliuimba akiwa darasa la saba kwa hesabu ya kwetu.

Mpiga Banjo

Sikumsahau mkuu, nilikuwa nakuja kwake.

Tanya alizaliwa Seminole, Texas, Oktoba 1958. Baba yake, Beau, alikuwa mtu wa kazi za ujenzi, na familia ilihama hama kufuata kazi. Mwaka 1972 prodyuza Billy Sherrill alimletea wimbo wa mwanamke aliyeamka na furaha ya ndoa yake. Tanya akaukataa. Hebu fikirieni: Sherrill wakati huo ni mmoja wa watu wenye sauti kubwa kuliko wote Nashville, na aliye mbele yake ni binti wa miaka 13 ambaye hajawahi kutoa wimbo hata mmoja unaojulikana. Wimbo ule alioukataa ukaimbwa na Donna Fargo, ukawa mkubwa sana mwaka huohuo, kwa hiyo hakukataa takataka. Sherrill akarudi na mwingine, huo anaousema kijana wetu wa Mbeya: mwanamke wa miaka 41 ambaye watu wa mji wamemwona amerukwa na akili, anatembea na begi lake mkononi akimsubiri mwanamume aliyemwahidi ndoa. Ukaingia kumi bora za kantri.

Ukiusikiliza vizuri utasikia kitu. Hajilizi. Anamwimba yule mama kama mtoto wa jirani anavyomtazama dirishani, anaona kila kitu na hajui amhukumu vipi. Waimbaji wazima walioimba wimbo huo wamemwonea huruma. Tanya alimtazama tu, na kwangu mimi hakuna aliyeuimba vizuri zaidi.

Ila hapa ndipo ninapokuwa makini. Hapana ya studio haikumfikisha mbali. Mwaka 1974, akiwa na miaka 15, walimpa wimbo wa mapenzi ya watu wazima kabisa, ukafika namba moja kwenye chati ya kantri huku baadhi ya vituo vya redio vikigoma kuupiga. Walalamikaji walimlaumu binti. Aliyeuchagua, aliyeurekodi na aliyeuuza ni watu wa makamo. Baadaye ulevi na dawa za kulevya vikawa habari za magazeti, na mwaka 1988 aliingia kituo cha matibabu cha Betty Ford. Grammy zake za kwanza, mbili kwa mpigo, alizipata mwaka 2020, ingawa mara ya kwanza kutajwa kwenye kinyang'anyiro ilikuwa 1973. Mwaka 2023 akaingizwa kwenye Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri.

Msikilizaji wa Eldoret

Mimi naomba kutofautiana kidogo. Sisi hapa Kenya tumekua na Jim Reeves, Skeeter Davis na Don Williams Jumapili baada ya kanisa, na kantri tunaipenda hadi tuna waimbaji wetu, mfano Sir Elvis. Ninachokiona ni kwamba mnawaonea wazazi. Mtoto hawezi kujipeleka studio. Mtoto hana gari wala pesa ya petroli. Bila mama au baba aliyeacha kazi yake kumzungusha, hakuna Brenda, hakuna Tanya, hakuna yeyote. Tukisema mzazi asishike pesa, ashike nani? Meneja wa kuja?

Mpiga Banjo

Ndugu yangu wa Eldoret, hoja yako ina uzito na sitaki kuipita juu juu. Wazazi wengi walijinyima kweli. Lakini kujinyima ndiko kunakomfunga mtoto mdomo. Akiona baba ameacha kazi na mama analala kwenye basi la ziara kwa ajili yake, atathubutuje kusema amechoka?

Angalia Hank Williams Mdogo, mtoto wa Hank Williams, nyota mkubwa wa kantri. Baba yake alifariki Januari 1, 1953, mtoto ana miaka mitatu. Alipofika minane mama yake, Audrey, alikuwa ameshampandisha jukwaani kuimba nyimbo za marehemu. Akiwa na miaka 11 akasimama Grand Ole Opry, onyesho la redio la Nashville ambalo ndilo jukwaa kuu la kantri, lilelile lililompokea baba yake mwaka 1949. Ilipotengenezwa filamu ya maisha ya baba, iliyotoka 1964, mwigizaji alikuwa mtu mwingine lakini sauti ya nyimbo ilikuwa ya huyu mtoto. Hebu jiweke hapo: kijana anajifunza kusema kwa sauti ya baba ambaye hana hata kumbukumbu naye ya kutosha, na watu waliolipa tiketi wanataka kumwona maiti akisimama. Alipojaribu muziki wake mwenyewe walimzomea. Mwaka 1974 alijaribu kujiua. Mwaka uliofuata akaanguka mlimani Montana, uso ukapondeka, akafanyiwa upasuaji mwingi, na aliporudi alirudi na ndevu, kofia, miwani meusi na muziki wake. CMA, yaani Chama cha Muziki wa Kantri, wakamtangaza mtumbuizaji bora wa mwaka 1987 na tena 1988.

Mama yake hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtalaka wa marehemu, mwenye jina kubwa la kulinda na bili za kulipa. Lakini mtoto yule alichelewa sana kupata nafasi ya kukataa, na alipoipata alikuwa karibu amekufa.

Bint Pwani

Asalaam aleikum. Mimi ni mwanasheria, kwa hiyo nitauliza la sheria. Marekani si wana sheria ya kulinda pesa za watoto wasanii? Nilisoma kuhusu Jackie Coogan.

Mpiga Banjo

Waaleikum salaam dada. Wanayo, lakini ina matundu. Coogan alikuwa mtoto wa filamu, alitengeneza mamilioni ya dola enzi za filamu zisizo na sauti. Alipokuwa mtu mzima akakuta mama na baba wa kambo wamezitumia, akawashtaki mwaka 1938, akaambulia dola 126,000. Mwaka 1939 California ikatunga sheria kwa ajili ya hayo, na tangu marekebisho ya mwaka 2000 asilimia 15 ya mapato ya mtoto lazima iwekwe kwenye akaunti asiyoweza kuigusa mtu mpaka akue.

Tatizo ni kwamba hiyo ni sheria ya California. Kantri iko Nashville, Tennessee, na watoto wake wanatoka Texas, Georgia, Mississippi, Kentucky, na kila jimbo lina utaratibu wake. Sheria ya kazi ya shirikisho ya mwaka 1938, ileile iliyozuia watoto kufanya kazi viwandani, iliwaacha nje watoto waigizaji, na baadaye wakaongezwa watumbuizaji wa redio na televisheni. Yaani mtoto alikatazwa kiwandani akaruhusiwa jukwaani saa nne za usiku.

Kesi iliyofundisha watu wengi ni ya LeAnn Rimes. Alizaliwa Mississippi 1982, akakulia Texas. Baba yake, Wilbur, ndiye aliyekuwa prodyuza wake. Mwaka 1996, akiwa na miaka 13, alitoa wimbo uliotungwa na mtangazaji wa redio Bill Mack, ukinadiwa kuwa Patsy Cline, nyota wa kantri wa zamani, ndiye aliyekusudiwa kuuimba kabla ya kufa kwa ajali ya ndege mwaka 1963. Ona tena jambo lilelile: mtoto anaingizwa kwenye kiatu cha marehemu. Sauti yake inapasuka kooni na kuruka juu kisha inarudi chini, ule ufundi wa zamani kabisa, na msikilizaji nywele zinamsimama. Februari 1997 akachukua Grammy mbili akiwa na miaka 14, mojawapo ya msanii bora mpya, ambayo hakuna msanii wa kantri aliyewahi kuipata kabla yake.

Mwaka 2000, akiwa na miaka 17, aliwashtaki baba yake na aliyekuwa meneja mwenza, akidai walijichukulia zaidi ya dola milioni 7. Baba alikanusha, naye akafungua madai yake dhidi ya binti. Walimaliza kwa makubaliano mwaka 2002. Mwaka huohuo wa 2000 aliishtaki pia kampuni iliyomrekodi, akitaka kutoka kwenye mkataba aliosainishwa akiwa mtoto. Mimi sikuwepo mezani kwao na sitasema nani alikula nini. Ninachokitazama ni mpangilio wenyewe: mtu mmoja ni baba, ni prodyuza, ni meneja, na ni mpokea malipo. Mtoto akitaka kulalamika kuhusu meneja anamwendea baba, na baba ni yuleyule.

Bint Pwani

Hapo umegusa penyewe. Kwenye taaluma yetu mtu akishika nafasi mbili zinazogongana tunamtoa kwenye moja. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa 1973 kuhusu umri wa chini wa kazi una kifungu cha 8 kinachoruhusu watoto kushiriki sanaa, lakini kwa kibali cha mtoto mmoja mmoja, na kibali hicho kiweke ukomo wa saa na masharti. Nimeuliza huku na kule kama kuna mzazi wa mtoto mwimbaji hapa Pwani aliyewahi kuomba kibali cha namna hiyo. Kila ninayemuuliza ananishangaa.

Fundi wa Mandolini

Wakuu, naona mmejikita kwa waimbaji tu. Kuna kundi jingine, wapiga vyombo, na hadithi yao ni tofauti kabisa.

Ricky Skaggs alikuwa na miaka sita Bill Monroe, gwiji wa mandolini (ala ndogo ya nyuzi), alipofika kutumbuiza kwao Kentucky. Watu wa mji wakapiga kelele mtoto wa Skaggs apande. Monroe akamvisha mandolini yake mwenyewe, na mtoto akaipiga. Marty Stuart aliingia bendi ya Lester Flatt mwaka 1972 akiwa na miaka 13, mwaka uleule wa Tanya. Hawa hawakuuzwa kama maajabu kwa muda mrefu. Walikaa pembeni ya wazee, wakajifunza nyimbo za zamani moja moja. Ilikuwa uanagenzi hasa. Na wote wawili leo ni wazee wa heshima wanaoutunza muziki ule. Stuart amekusanya mavazi, ala na karatasi za kantri kuliko makumbusho nyingi.

Kingine, mandolini haibalehe. Kijana akifika miaka 14 vidole vyake vinazidi kuwa hodari. Koo linafanya kinyume.

Mpiga Banjo

Fundi, nashukuru sana kwa hili la koo, kwa sababu linanipeleka kwa Billy Gilman. Mvulana wa Rhode Island, aliyezaliwa Mei 1988, mwaka 2000 alitoa albamu ya kwanza iliyouza zaidi ya nakala milioni mbili. Sauti safi kama maji ya chemchemi. Halafu akabalehe, sauti ikavunjika, ikabidi anyamaze koo lipumzike, na Nashville haikumsubiri. Soko lilikuwa limenunua kitu ambacho kila mtu mzima alijua kitakwisha baada ya miaka miwili au mitatu, na sijaona dalili kwamba kuna aliyempangia kijana mwaka wa nne. Alirudi 2016 kwenye shindano la televisheni la The Voice, mtu mzima mwenye sauti nyingine nzuri, akashika nafasi ya pili.

Na sasa kuna intaneti. Machi 2018 mvulana wa miaka 11, Mason Ramsey, alirekodiwa akiimba ndani ya duka la Walmart huko Harrisburg, Illinois. Ndani ya wiki chache akawa kwenye tamasha kubwa la muziki la Coachella, na siku iliyofuata Grand Ole Opry. Wimbo aliouimba dukani ni uleule uliomfungulia Hank Williams mlango wa Opry mwaka 1949, na ndio alioimba Hank Mdogo alipopanda pale akiwa na miaka 11. Watoto wawili wa umri mmoja, karibu miaka 60 katikati yao, wimbo mmoja wa mtu aliyeachwa na mpenzi. Albamu yake kamili ya kwanza Mason aliitoa 2024, akiwa na miaka 17. Hilo limenipa moyo. Mtu fulani pale alikubali kusubiri.

Kijana wa Mbeya

Na Dolly Parton? Si naye alianza mdogo?

Mpiga Banjo

Alianza mdogo sana. Miaka 10 alikuwa anaimba kwenye kipindi cha Cas Walker pale Knoxville. Mwaka 1959, ana miaka 13, alirekodi wimbo Louisiana na akapanda Opry. Kama angekuwa na meneja mwenye haraka angeanza ziara palepale, na nyumbani kulikuwa na watoto kumi na wawili na umaskini wa kutosha kumsukuma. Hakuanza. Alimaliza sekondari Sevier County mwaka 1964, na kesho yake akapanda basi kwenda Nashville akiwa mtu mzima anayejiamulia. Miaka kadhaa baadaye Elvis Presley alipotaka kuimba wimbo wake mkubwa, upande wa Elvis ukadai nusu ya haki za uchapishaji. Dolly akasema hapana, akalia usiku kucha, na hapana hiyo ikamtajirisha. Naamini mtu huanza kujifunza neno hilo mapema, nyumbani kwao, kabla mikataba haijafika.

Mama wa Kwaya

Nimesoma uzi wote kimya, sasa niseme. Mwanangu wa kiume ana miaka 11, anaimba injili. Alianza kwenye kwaya ya kanisa letu, sasa tunaitwa harusini, kwenye harambee, kwenye misiba. Watu wanamtuza, pesa nyingine wanamwekea mfukoni, nyingine wananipa mimi. Nimelipia ada ya shule ya dada zake kwa pesa hizo, na sioni aibu kusema, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Lakini kuna siku ananiambia koo linauma na mimi namwambia tumeshakula advansi ya watu. Nifanyeje? Nauliza kwa dhati.

Msikilizaji wa Eldoret

Mama, pole na hongera. Mimi niliyetetea wazazi juu nakuunga mkono, nyumba lazima iende.

Mpiga Banjo

Mama, asante kwa kuzungumza. Sitakwambia umtoe jukwaani. Nitakwambia ninachoona kwa hawa wa Marekani.

Advansi usichukue. Hiyo ndiyo inayoondoa hapana ya mtoto, kwa sababu inaliwa kabla hajaulizwa. Anayekualika akubali kulipa siku hiyohiyo, au atafute mwimbaji mwingine. Pili, fungua akaunti ya mtoto benki, na kila tuzo fungu moja liingie humo kabla ya ada na unga. Lianze dogo tu, lakini lisikose. Andika kwenye daftari kilichoingia na kilichotumika, na mwanao aone daftari. Siku akiuliza akiwa na miaka 20, unamfungulia. Tatu, mtafute mwalimu wa kinanda au gitaa sasa, kabla sauti haijaanza kubadilika. Fundi ameshasema sababu. Na koo likiuma, mtoto asiimbe. Hakuna harusi inayokufa kwa kukosa wimbo.

Bint Pwani

Mama, kuhusu akaunti na karatasi za makubaliano ya hafla, niandikie ujumbe wa faragha. Nitakuandalia bure, ukurasa mmoja tu, utatosha.

Mama wa Kwaya

Nashukuru sana, dada. Jumamosi ijayo tumealikwa harusi mbili, mchana na jioni, na wote wawili wameshatuma nusu. Ya jioni nimewarudishia leo. Ya mchana nimemuuliza mwenyewe, amesema ataimba, ila anataka nyimbo mbili tu na anachagua yeye.